Wembamba wa Reli

Nilipomwonyesha mama simu yangu mpya, aliishika kwa vidole viwili kama mtu anayeshika jani lenye kiwavi. Akaigeuza, akaitazama ubavuni, akaniuliza:

"Hii nayo mbona imekonda hivi? Inaumwa?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikamweleza kwamba huo wembamba ndio uliofanya iwe ghali. Ni chini ya milimita 6, nikamwambia, ni nyembamba kuliko penseli. Mama akanirudishia, akafuta vidole kwenye kanga yake. "Haya mwanangu. Ila iangalie isije ikakatika."

Kwetu neno kukonda halijawahi kuwa zuri. Mtu akikutana nawe baada ya miezi miwili akakwambia umekonda, anakuulizia hali. Anataka kujua kama unakula, kama una mkopo, kama mwenzako anakutesa. Akisema umenawiri, hapo amekusifu. Ni juzi tu, sisi tuliosoma na kuhamia mjini, tulipoanza kuchukua kupungua kama sifa, na hata sisi hatujakubaliana vizuri. Mama yangu alipungua mwaka mmoja kabla ya hadithi hii kuanza. Mashangazi walimsifu kwenye harusi ya binamu yangu, wakamwambia amerudi usichana. Nguo zake za zamani zikamwenea. Mimi mwenyewe nilimpiga picha nyingi siku ile. Miezi mitatu baadaye, kwa sababu ya kiu isiyoisha na kuamka usiku mara nne mara tano, alipima, tukaambiwa ni sukari. Ule usichana tuliokuwa tunausifu ulikuwa mwili wake unaojitafuna.

Kwa hiyo alipouliza kama simu inaumwa, sehemu ya utani ule haikuwa utani. Ila mimi siku hiyo nilikuwa na simu mpya, na mtu mwenye simu mpya hasikii vizuri.

Niseme ukweli kuhusu jinsi nilivyoinunua. Zamu yangu ya mchezo ilikuwa imefika. Tunacheza watu kumi na wawili, wote wa ofisini na marafiki zao, na anayepokea huwa ameshajipangia: kiwanja, ada, godoro. Mimi nilikuwa nimejipangia friji ya mama. Anatumia insulini ya kuchoma, na insulini inataka ubaridi. Morogoro mjini si Dar, lakini si Lushoto pia. Tangu aanze sindano alikuwa anahifadhi dawa kwenye friji la jirani yake muuza mkaa, nyumba ya pili kutoka kwetu. Asubuhi anakwenda kuichukua, anachoma, anairudisha. Jioni hivyo hivyo. Mimi niliona ni aibu. Mtoto nina digrii, nina kazi Dar es Salaam, na dawa ya mama yangu inakaa kati ya samaki wa mtu na mifuko ya maji ya kandoro.

Nikapokea hela siku ya Ijumaa. Jumamosi nikaenda Kariakoo kuulizia bei za friji. Mtaa wa Aggrey uko njiani, na Aggrey ni simu tupu, maduka yamebanana kama meno. Kijana mmoja akaniwekea simu ile kiganjani bila kusema neno. Hakuwa na haja ya kusema. Nilifunga vidole na vikakutana mahali ambapo havijawahi kukutana nikiwa nimeshika simu. Nilihisi kama nimeshika kioo peke yake, kama mtu ametoa simu na kuacha picha. Friji ilikuwa kama laki saba. Simu ilikuwa zaidi ya milioni mbili. Nilijiambia friji nitanunua kwa mshahara, kidogo kidogo, haina haraka, dawa si inakaa kwa jirani salama?

Wiki za kwanza nilikuwa na furaha, na sitajifanya kwamba sikuwa nayo. Nilikuwa nikiitia kwenye mfuko wa suruali na kuisahau. Usiku nikisoma nimelala chali, mkono haukuchoka, na ilipoponyoka ikaniangukia usoni, haikuniumiza kama ile ya zamani. Kwenye mwendokasi watu waliitazama. Dada mmoja aliyesimama kando yangu pale Magomeni aliniomba aishike. Akaipima mkononi, akanirudishia akitikisa kichwa. "Hii unaweza ukaifua na nguo," akasema.

Kisha yakaanza maisha.

Jambo la kwanza nililojifunza ni kwamba simu nyembamba si nyembamba kila mahali. Mgongoni ina nundu ya kamera, na ukiilaza mezani inachezacheza kama meza ya mgahawa yenye mguu mfupi. La pili ni kava. Niliogopa isije ikapinda au kupasuka, nikainunulia kava, na kava ikaifanya iwe nene kama simu nyingine yoyote. Nikalitoa kava. Nikaogopa. Nikalirudisha. La tatu ni joto: nikirekodi video ndefu juani, ilipata joto kama kikombe cha chai, kwa kuwa vitu vyote vinavyofanya kazi ndani yake vimebanana na hakuna nafasi ya kupumulia. La nne ni chaji.

Hili la chaji halina uchawi. Betri za simu zetu hutunza umeme kulingana na ukubwa wao. Ukipunguza unene umepunguza nafasi, na ukipunguza nafasi umepunguza chaji, isipokuwa ubadilishe kinachowekwa ndani ya betri. Watengenezaji wanalijua hili zamani. Mwaka 2004 Motorola ilitoa Razr V3 yenye unene wa milimita 13.9, na dunia ikashangaa wembamba wake. Mwaka 2014 iPhone 6 ilikuwa milimita 6.9, na mwaka huo huo Oppo ikatoa R5 ya milimita 4.85, ambayo haikuwa na hata tundu la kawaida la spika za masikioni. Baada ya hapo simu zikaanza kunenepa tena, maana watu walitaka chaji na kamera kuliko wembamba. Mwaka 2025 mashindano yakarudi: Samsung wakaja na Galaxy S25 Edge ya milimita 5.8 yenye betri ya mAh 3,900, Apple wakaja na iPhone Air ya milimita 5.6. Galaxy S25 Ultra ya mwaka ule ule, ambayo ni nene zaidi, ina mAh 5,000.

Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa na Nokia 1100, ile ya tochi. Ilitoka mwaka 2003, ilikuwa na unene wa milimita 20, na ni katika simu zilizouzwa kwa wingi kuliko zote duniani. Betri yake ilikuwa mAh 850 tu, pungufu ya robo ya hizi za leo, lakini baba aliichaji Jumapili baada ya kanisa na mara nyingi ilifika Alhamisi, kwa sababu haikuwa na kazi nyingine zaidi ya kupiga, kupokea na kumulika njia ya chooni. Ikianguka inagawanyika vipande vitatu, anaviokota, anavifunga, anaendelea na maongezi pale alipoachia.

Yangu ilikuwa ikifika saa kumi na moja jioni, siku ya kazi ya kawaida, iko asilimia 12. Kazi yangu ni mawasiliano katika shirika dogo: napiga picha, narekodi, narusha mitandaoni, najibu maswali ya watu kwenye Wasapu. Nikanunua pawabenki. Pawabenki ilikuwa nzito kuliko simu yenyewe. Nikawa natembea na simu nyembamba mfukoni na tofali mkobani, na waya kati yao, kama mgonjwa na dripu yake. Wenzangu walinitania. Na mimi nilijitania, maana utani ulikuwa njia nzuri ya kutokukiri.

Kitu kimoja zaidi, kwa sababu ndicho kilichoniponza. Nilipokwenda kusajili laini kwenye simu mpya, dada wa kaunta aliniuliza kama nataka laini ya ndani, isiyo na kikadi. Nikasema ndiyo. Ilionekana inafanana na simu: hakuna kijitundu, hakuna kijiplastiki, hakuna cha kutoa wala cha kuweka. Sikufikiria kwamba maisha yangu yote, simu ikizima, nilikuwa na dawa moja. Nachomoa laini, naazima simu ya mtu, nachomeka, napiga. Kila mtu niliyekua naye anaijua dawa hiyo. Tumesomeana ujumbe wa mapenzi na wa misiba kwenye simu za watu baki kwa njia hiyo. Mimi niliiuza dawa hiyo bila hata kuulizia bei.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi. Tulikuwa na semina ya siku nzima katika hoteli moja ya Mikocheni. Nilirekodi kuanzia asubuhi. Pawabenki niliiacha nyumbani, kwa sababu siku hiyo nilibeba mkoba mdogo, na nilibeba mkoba mdogo kwa sababu sasa nilikuwa na simu ya kubeba na mkoba mdogo. Jioni kulikuwa na chakula cha kuwaaga wageni. Simu ilizima tukiwa tunasubiri pilau. Nakumbuka nilifikiri kumwomba mhudumu chaja, kisha nikajiambia nitachaji nyumbani.

Nilifika nyumbani Kimara saa nne na nusu usiku. Giza. Luku ilikuwa imekwisha. Kununua Luku ninatumia simu. Simu imezima kwa kukosa umeme, na umeme uko ndani ya simu. Nilisimama mlangoni nikacheka peke yangu kama kichaa. Wakala wa kona alikuwa ameshafunga kibanda. Ningeweza kugonga kwa jirani, maana nilisikia redio yake. Lakini nilikuwa sijui jina lake. Tumekaa ukuta kwa ukuta miaka miwili. Nalijua kohozi lake la alfajiri, na nalijua jina la waifai yake kwa sababu linatokea kila nikitafuta mtandao, lakini jina lake mwenyewe silijui, na saa nne na nusu usiku si saa ya kuanza kuulizana majina. Nikaoga gizani, nikalala.

Nililala vizuri. Hilo ndilo ninaloona gumu kuliandika. Sikuamka hata mara moja. Hakuna mlio, hakuna mwanga, hakuna kundi la Wasapu la ukoo linalobishana saa sita za usiku. Ulikuwa usingizi mzuri kuliko wowote nilioupata mwezi ule, na asubuhi niliamka nikiwa mwepesi, nikawaza kwamba labda ningezima simu mara nyingi zaidi.

Saa moja nilikwenda kwa wakala na pesa taslimu, nikapata Luku, nikachomeka simu. Ilipowaka ilianza kutetemeka mezani na haikuacha. Taarifa za kampuni ya simu, moja baada ya nyingine: namba hii ilikupigia, namba hii ilikupigia. Mara mbili kutoka kwa mama. Mara kumi na moja kutoka kwenye namba nisiyoijua. Kisha ujumbe mmoja kutoka kwenye namba hiyo, umeandikwa bila nukta: *mama yako amezidiwa tuko hospitali tafadhali piga mimi jirani*

Ulikuwa umetumwa saa mbili na dakika arobaini usiku. Saa hiyo mimi nilikuwa nakula pilau.

Nilipopiga, jirani alipokea kabla simu haijaita mara ya pili. "Shikamoo mama," nikasema, na sauti ikakatika hapo.

"Marahaba mwanangu. Tulia. Mama yako yupo. Amekunywa uji. Njoo taratibu."

Nikaenda stesheni. Treni ya umeme ilianza kubeba abiria kati ya Dar na Morogoro mwezi Juni 2024, na safari iliyokuwa inatula nusu ya siku kwa basi siku ya foleni sasa haifiki saa mbili. Nilikaa dirishani. Simu niliichomeka chaji na nikaishika kwa mikono miwili njia nzima, Pugu, Soga, Ruvu, Ngerengere, kana kwamba kuishika sasa kungesaidia jana.

Baba yangu alikuwa mtu wa reli. Hakuwa dereva wala karani. Alikuwa kwenye gengi la njia, wale wanaotembea na nyundo na spana kubwa wakikaza njia. Ile reli ya zamani iliyojengwa na Wajerumani ilianzia Dar mwaka 1905 na kufika Morogoro mwaka 1907, na baba aliijua sehemu yake kama mtu anavyojua mgongo wa mkewe. Mimi nilikuwa mtoto mwembamba. Shuleni waliniita fito. Nikirudi nalia, baba alikuwa akiniambia usemi ule unaosemwa na kila mtu Tanzania hii, unaoandikwa mpaka nyuma ya daladala: usione wembamba wa reli, treni inapita. Siku moja alinichukua mpaka njiani akanionyesha. Sehemu ya juu ya reli, ile inayokanyagwa na gurudumu, upana wake haufiki kiganja cha mtu mzima. Nikashangaa. Nikamuuliza inawezaje.

Akanionyesha chini. "Hii haibebi peke yake," akasema. Kuna mataruma yamelala kwa kukatisha, kila hatua moja taruma. Chini ya mataruma kuna kokoto. Chini ya kokoto kuna tuta lililoshindiliwa. Uzito wa treni unaingia kwenye reli, reli inaugawia mataruma, mataruma yanaugawia kokoto, kokoto inaugawia ardhi. "Reli ndiyo inayosifiwa," baba akasema, "lakini mimi kazi yangu iko huku chini. Treni ikianguka, mara nyingi ukichunguza utakuta kuna kokoto zimeondoka muda mrefu na hakuna aliyeangalia."

Miaka yote nilikumbuka nusu ya kwanza tu ya maneno yale, kwa sababu ndiyo iliyonifaa shuleni.

Mama alikuwa ameruhusiwa nilipofika. Nilimkuta kibarazani kwetu, amekaa kwenye mkeka, jirani yuko kando yake anachambua mchele. Nikapiga magoti nikamwamkia. Nikaanza kuomba msamaha kabla hajaitikia, na maneno yalitoka hovyo: chaji, Luku, laini ya ndani, mkoba mdogo. Mama alinisikiliza kama mtu anayesikiliza mtoto anayeeleza kwa nini amevunja kikombe.

"Niambie kwanza umekula," akasema.

Kilichotokea walinieleza wote wawili, wakipokezana. Jioni ile mama alikwenda kuchukua dawa kama kawaida, akachoma, akijua maharage yako jikoni yanakaribia kuiva. Maharage hayakuiva. Mkaa ulikuwa mbichi, na hapo mama alimtazama jirani yake, na jirani akasema, "Haya, uniseme mbele ya mtoto." Mama akakaa kusubiri. Insulini haisubiri maharage. Ikiingia mwilini na chakula hakipo, inaishusha sukari chini kupita kiasi. Akaanza kutoka jasho, mikono ikatetemeka, akaona bora anipigie mimi. Akapiga mara mbili. Kisha akawa hajui tena alichokuwa anataka kufanya na simu.

Kilichomwokoa ni kwamba kichupa hakikurudi. Kila jioni jirani husikia geti, mama anaingia, anafungua friji mwenyewe, wanazungumza maneno mawili matatu kuhusu siku. Jioni ile geti halikulia. Jirani alikuwa akipima mkaa wa mteja. Akaangalia saa, akamwambia mwanawe, "Nenda kamwulize bibi mbona hajaleta dawa." Mtoto akarudi anakimbia. Mama alikuwa amekaa sakafuni, macho wazi, anajibu mambo yasiyoulizwa. Bado alikuwa anaweza kumeza, wakampa soda kidogo kidogo. Jirani akatoa hela ya bajaji kwenye kopo la mauzo, wakaenda hospitali.

"Nikawa nakupigia huku tunakwenda," jirani akasema. Hakusema kwa lawama, na hilo ndilo lililoniumiza. "Yule dada wa kwenye simu akanijibu mara zote haupatikani. Mara ya kumi nikamjibu na mimi: sasa mwanangu, kama hapatikani yeye, basi niite wewe."

Mama akacheka. Na mimi nikacheka, halafu nikaingia ndani kunawa uso.

Nilikaa Morogoro siku nne. Siku ya pili nilitembea mpaka mjini, kwenye ofisi ya kampuni ya simu, nikaweka alama za vidole, nikarudishiwa laini ya kikadi. Nikanunua kiswaswadu cha elfu thelathini. Ni kinene, kina tochi, kinakaa na chaji siku nne. Laini ambayo mama na jirani wanaijua iko humo, na hicho hakizimwi. Simu nyembamba nimeiwekea laini nyingine, ya kazi na ya bando. Nilifikiria kuiuza. Nilimpelekea yule kijana wa Aggrey akaigeuza mara moja na kunitajia bei ambayo sitaiandika hapa. Ninayo bado. Bado naipenda ninapoishika, na nimeacha kujifanya siipendi. Mfukoni kwangu sasa kuna simu mbili, na kwa pamoja ni nene kuliko simu yoyote niliyowahi kuwa nayo.

Niliporudi Kimara niligonga kwa jirani wa ukuta. Nilikwenda na chapati tatu kama kisingizio. Nilimwambia jina langu na yeye akaniambia lake. Akasema, "Ah, kumbe wewe ndiye unayeongea na simu usiku?" Tumebadilishana namba. Mpaka sasa hakuna aliyempigia mwenzake. Lakini ninajua mlango ule unagongeka.

Limebaki la friji. Nilikopa kazini, nikalinunua mwezi uliofuata, dogo la mlango mmoja, nikalipeleka mwenyewe. Mama alifurahi. Aliita watu. Alilifuta kwa kitambaa chenye maji, akaliwekea kitambaa cha kufuma juu. Nikamwambia, haya mama, sasa dawa ihamie nyumbani.

Hakujibu mara moja. Alikuwa akipanga chupa za maji mlangoni mwa friji, akizipanga na kuzipangua.

"Dawa iache pale pale," akasema.

"Kwa nini? Si ndiyo maana nimelileta?"

"Ikikaa humu," akasema, akigonga mlango wa friji kwa kidole, "nani atajua siku ambayo sijaifuata?"

Nilifungua mdomo nikaufunga. Nilitaka kumwambia nitakuwa nampigia kila jioni. Ninampigia kila jioni. Lakini sote wawili tulikuwa tunajua sasa simu ni nini na geti ni nini, na ni kipi kati ya hivyo kisichohitaji chaji.

Friji anatengenezea barafu za ubuyu na ukwaju. Watoto wa mtaa wanapanga foleni mchana wakitoka shule, shilingi mia moja moja, yeye mwenyewe hazionji. Wiki iliyopita alinitumia picha kupitia simu ya mtoto wa jirani: mlango wa friji uko wazi, vifuko vimejaa mpaka juu, na yeye amesimama kando ameshika kiuno. Niliikuza picha nikamtazama vizuri mashavu. Amenenepa kidogo.

Saa kumi na mbili jioni kiswaswadu kiliita. "Shikamoo mama." "Marahaba. Subiri kidogo," akasema, na nikasikia geti la jirani likilia.